Umbo la Paa na Umbo la Mpaka: Remera Katika Macho ya Kompyuta

Sekta ya Remera, iliyoko mashariki mwa jiji la Kigali katika wilaya ya Gasabo, imepigwa picha kutoka angani mara nyingi katika miaka 20 hivi iliyopita, na ndege na pia na setilaiti, na kila mara picha hizo zimetakiwa kujibu swali lilelile: kitu kinachoonekana hapa ni kitu gani, na kinaishia wapi? Sehemu ya kwanza ya swali hilo, yaani kukitambua kitu kwa umbo lake, imekuwa kazi ya wataalamu wa kompyuta tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Sehemu ya pili, yaani kuujua mpaka wa kitu, imekuwa kazi ya wapima ardhi, na kabla yao ya majirani wenyewe, kwa muda mrefu zaidi. Remera inastahili kuandikiwa historia yake katika jambo hili kwa sababu kazi hizo mbili zilikutana hapo, na kukutana kwake kulifichua jambo ambalo vitabu vya kompyuta hulipita haraka, kwamba kulinganisha maumbo ni kazi ya kuamua nini kisahaulike, ilhali mwenye kiwanja hayuko tayari kusahau hata kimoja kati ya vitu ambavyo kompyuta imefundishwa kuvipuuza.

Katika fani ya kulinganisha maumbo, neno umbo lina maana finyu kuliko ile ya mazungumzo ya kila siku. David Kendall, mwanatakwimu wa Chuo Kikuu cha Cambridge nchini Uingereza aliyeanza kuchapisha kuhusu nadharia ya umbo mwaka 1977, alilieleza umbo kuwa ni kile kinachosalia baada ya kuondoa habari zote za mahali kitu kilipo, ukubwa wake na upande kilikogeukia, hivyo kwamba pembetatu iliyochorwa ubaoni na nyingine ya aina hiyohiyo iliyochorwa kwenye daftari, hata kama ni ndogo na imelala ubavu, zina umbo moja. Mojawapo ya maswali yaliyomshughulisha lilihusu mawe ya kale yaliyosimikwa huko Cornwall, kusini magharibi mwa Uingereza, ambayo baadhi ya watu walidai kuwa yalipangwa kwa makusudi katika mistari mirefu iliyonyooka. Kendall na mwanawe Wilfrid walitaka kujua ni mistari mingapi ingejitokeza kwa bahati tu kama mawe hayo yangetawanywa ovyo, na ili kupata jibu iliwabidi wapime jinsi kila mawe matatu yanavyokaribia kukaa katika mstari mmoja, bila kujali umbali kati yao wala upande yalikoelekea.

Wazo la kulinganisha maumbo kwa kipimo badala ya kwa macho peke yake lilikuwa limetangulia kompyuta, kwani mwaka 1917 D'Arcy Thompson, mwanazuolojia wa Uskoti, alikuwa amekwisha kuchora samaki wa aina moja juu ya miraba ya grafu, kisha akaipinda miraba hiyo kwa utaratibu hadi mchoro ukawa wa samaki wa aina nyingine, akionyesha kwamba tofauti ya maumbo mawili inaweza kuelezwa kwa kiasi cha kupinda kinachohitajika ili kulifikia moja kutoka kwa jingine. Kompyuta zilipokuja, wataalamu walitafuta kwanza njia za mkato. Mwaka 1962 Ming-Kuei Hu alionyesha kwamba doa lolote lililo katika picha linaweza kufupishwa kuwa namba saba ambazo hazibadiliki doa hilo likisogezwa, likikuzwa au likizungushwa. Mwaka huohuo Paul Hough alipata hataza ya Marekani kwa mbinu iliyobuniwa ili kutafuta njia zilizopitiwa na chembe za atomu katika picha za maabara, ambapo kila nukta ya picha huipigia kura mistari yote inayoweza kupita juu yake, na mstari uliojikusanyia kura nyingi ndio unaokubaliwa kuwa upo. Richard Duda na Peter Hart waliirekebisha mbinu hiyo mwaka 1972, na mwaka 1981 Dana Ballard akaipanua ili iweze kutafuta umbo lolote ambalo kompyuta imeonyeshwa kabla.

Kwa mbinu za namna hiyo, Uwanja wa Amahoro, ule uwanja mkubwa wa michezo uliokamilika mwaka 1986 katikati ya Remera, ni kitu chepesi kukipata katika picha ya angani, kwa kuwa una mzingo mpana wa mviringo unaoutofautisha na nyumba zinazouzunguka. Mambo hubadilika mara macho yanapoondoka uwanjani na kushuka mtelemko, maana huko kuna maelfu ya mistatili, midogo kwa mikubwa, iliyoelekea kila upande kadiri ardhi ya kilima inavyoruhusu, na hapo namba saba za Hu hazimsaidii mtu, kwani mistatili yote yenye uwiano mmoja wa urefu na upana hutoa namba zilezile. Mbinu iliyosifiwa kwa uwezo wake wa kusahau ukubwa, mahali na mwelekeo imesahau vitu pekee vinavyoitofautisha nyumba ya mtu na nyumba ya jirani yake.

Hatua nyingine kubwa ilitoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambako Serge Belongie, Jitendra Malik na Jan Puzicha walichapisha mwaka 2002 mbinu inayoweza kuitwa muktadha wa umbo, nayo inastahili kutazamwa kwa karibu. Kompyuta huchukua mzingo wa kitu, yaani mstari wa ukingo wake, na kuchagua juu yake nukta 100 hivi. Kila nukta huwekewa duara lililogawanywa katika pande 12 na katika masafa 5, yale ya karibu yakiwa membamba na ya mbali yakiwa mapana, hivyo kwamba hupatikana vyumba 60, na kompyuta huhesabu ni nukta ngapi nyingine za mzingo huo zimeangukia katika kila chumba. Nukta basi hujulikana kwa namna wenzake walivyokaa kuizunguka, kama mtu wa kijijini anavyoweza kuelezwa kwa kutajiwa majirani zake. Ili kulinganisha vitu viwili, nukta za kimoja huoanishwa na nukta za kingine kwa kanuni ya ugawaji ambayo Harold Kuhn aliieleza mwaka 1955, ile inayotafuta mpango wa jozi ambao jumla ya tofauti zake ni ndogo kuliko ya mpango mwingine wowote. Kisha kitu cha kwanza hupindwa, kwa hesabu zinazoiga mpindo wa bamba jembamba la chuma, hadi kilingane na cha pili, na kiasi cha kupinda kilichohitajika huwa sehemu ya kipimo cha tofauti yao. Wazo la D'Arcy Thompson lilikuwa limerudi likiwa na hesabu kamili. Katika jaribio la tarakimu 10,000 zilizoandikwa kwa mkono, mbinu hiyo ilikosea tarakimu 63.

Waandishi hao watatu waligusia pia jambo ambalo lina uzito kuliko nafasi waliyolipa. Walieleza kwamba mbinu yao ingeweza kufanywa isijali mzunguko hata kidogo, lakini kwa baadhi ya kazi hilo lingeleta hasara, kwa sababu 6 ikipinduliwa huwa 9. Kwa hiyo hata kwa tarakimu, ambazo ni vitu vyepesi, kuna kitu ambacho mtambuzi hana ruhusa ya kukisahau, na kanuni ya hesabu yenyewe haiwezi kumwambia ni kipi. Lazima aambiwe na mtu anayejua tarakimu hizo ni za kazi gani.

Nchini Rwanda kazi ya kutambua kwa kulinganisha maumbo ilikuwepo muda mrefu kabla ya hapo, na ilifanywa kwa penseli. Katika kituo cha utafiti cha Karisoke, ambacho Dian Fossey alikianzisha mwaka 1967 kati ya vilele vya Virunga, gorila wa milimani walitambuliwa mmoja mmoja kwa alama za pua, yaani mikunjo na mitaro iliyo juu ya matundu ya pua, ambayo haifanani kwa gorila wawili. Mtazamaji huichora mikunjo hiyo na baadaye huulinganisha mchoro wake na michoro ya zamani. Huo ni muktadha wa umbo kamili, mkunjo mmoja ukisomwa kwa jinsi ulivyokaa kati ya mikunjo mingine, na kanuni yake ya kusahau ni sahihi kwa kazi yake, kwani mtafiti hajali gorila yuko bonde lipi wala amegeuza kichwa upande gani, mradi amjue ni nani. Ardhi ina kanuni nyingine.

Kigali ilianzishwa mwaka 1907 na Mjerumani Richard Kandt, na Rwanda ilipopata uhuru mwaka 1962 mji huo ulikuwa na wakazi wapatao 6,000 tu, wengi wao wakiishi kwenye kilima cha Nyarugenge na pembezoni mwake. Remera ilikuwa bado mahali pa mashamba na maboma yaliyotawanyika, na iliingia katika maisha ya mji kwa sababu barabara ya kwenda uwanja wa ndege wa Kanombe ilipita hapo. Ujenzi wa Uwanja wa Amahoro uliipa sura ya mjini. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, maelfu ya watu walikimbilia ndani ya uwanja huo chini ya ulinzi wa askari wa Umoja wa Mataifa, ambao makao yao makuu yalikuwa katika hoteli iliyo jirani. Baada ya hapo mji ulipanuka kwa kasi isiyowahi kuonekana, kwa kuwa watu waliokuwa uhamishoni Uganda, Tanzania, Burundi na Kongo walirejea, na wengine walihama kutoka vijijini. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu wakazi 1,745,555 katika jiji zima.

Wakati huo wote mipaka ya viwanja ilishikwa na vitu ambavyo mtu angeweza kuviona na kuvigusa: ua wa imiyenzi, yaani minyaa yenye utomvu mweupe ambayo Wanyarwanda wameipanda tangu zamani kutenga boma na boma, mtaro wa maji, njia ya miguu, mti mkubwa, au ukuta wa matofali wa zile nyumba zenye geti ambazo wenyeji huziita ibipangu. Zaidi ya vitu hivyo, mipaka ilishikwa na kumbukumbu za majirani waliokuwepo ardhi ilipogawanywa au kuuzwa. Utaratibu huo haukuwa dhaifu kama wapangaji miji walivyopenda kudai, maana jirani ni shahidi ambaye ana sababu zake mwenyewe za kukumbuka, lakini vita, uhamisho na mauaji vilikuwa vimewaondoa mashahidi wengi mno, na watu waliorudi baada ya miaka 30 walikuta ua umeng'olewa na kilima kimejaa wageni.

Sheria ya ardhi ya mwaka 2005 iliagiza ardhi yote isajiliwe, na baada ya majaribio katika maeneo machache, usajili wa nchi nzima ulianza mwaka 2009 na kukamilika kwa sehemu kubwa mwaka 2013, ukiwa umesajili viwanja zaidi ya milioni 10. Kazi ya ukubwa huo isingewezekana kwa vyombo vya kawaida vya upimaji, kwa kuwa wapima ardhi waliosomea walikuwa wachache na gharama ya kusimika mawe ya mipaka ingewashinda wananchi. Badala yake zilitumiwa picha zilizopigwa na ndege katika miaka ya 2008 na 2009, ambazo kila pikseli yake, yaani kila kidoa kidogo kabisa kinachoiunda picha, iliwakilisha ardhi ya sentimeta 25 kwa 25. Na mahali ambapo mawingu yaliizuia ndege, zilitumiwa picha za setilaiti.

Jinsi kazi ilivyofanyika uwanjani ndiyo sehemu ya historia hii inayostahili heshima kubwa kuliko zote. Picha ya eneo ilichapishwa kwenye karatasi kubwa, na wapimaji wasaidizi, ambao wengi walikuwa vijana wa mahali hapohapo waliopewa mafunzo mafupi, walitembea na karatasi hiyo pamoja na mwenye kiwanja, majirani zake na wajumbe wa kamati ya ardhi ya seli, ambayo ni ngazi ya utawala iliyo chini ya sekta. Walipofika kwenye kona walisimama, wakalitafuta paa na mti katika picha hadi wote wakubaliane kwamba mahali waliposimama ni pale, kisha mstari ukachorwa kwa kalamu juu ya picha. Ua wa minyaa wenye unene wa mita moja ulionekana katika picha hizo kama utepe wa pikseli nne, na ulitosha. Pale ambapo paa la bati lilifunika mpaka, au mgomba ulipoutia kivuli, waliamua kwa maneno. Kiwanja kilipewa namba, mdai akapewa stakabadhi, majina ya mume na mke yakaandikwa, na orodha zikawekwa hadharani kwa siku 60 ili mwenye pingamizi alitoe. Baadaye karatasi zilipitishwa kwenye skana, zikaoanishwa na majiranukta ya dunia, na wafanyakazi waliokaa mbele ya kompyuta wakafuata mistari ya kalamu kwa kipanya, kona kwa kona.

Mtu anayezijua mbinu za Berkeley ataona mara moja kwamba kilichofanywa pale ni kulinganisha maumbo: umbo la kilima chenyewe, lililotazamwa na watu waliosimama juu yake, lililinganishwa na umbo la kilima ndani ya picha, na nukta za moja zikaoanishwa na nukta za jingine kwa kutazama zilivyozungukwa. Tofauti ni kwamba watu hao hawakuondoa mahali, ukubwa wala mwelekeo, kwa sababu hivyo vitatu ndivyo walivyotumwa kuvileta. Kiwanja cha mita 15 kwa 20 kilichoko seli ya Rukiri I na kingine cha mita 15 kwa 20 kilichoko Nyabisindu ni umbo moja kwa kipimo cha Kendall, na ni mali mbili, urithi wa familia mbili, na pengine kesi mbili mahakamani.

Wakati kazi hiyo ilipokuwa ikimalizika, fani ya kutambua vitu katika picha ilikuwa ikigeuka kabisa. Tangu mwaka 2012 mbinu zilizobuniwa na watu, kama ile ya muktadha wa umbo, zilianza kuachwa nyuma na mitandao ya neva bandia yenye tabaka nyingi, yaani programu ambazo haziambiwi zitazame nini bali huonyeshwa mifano mingi iliyokwisha kuwekewa majibu na watu, nazo hurekebisha namba zao za ndani hadi majibu yao yakaribiane na hayo. Remera ilipata nafasi katika mageuzi hayo kupitia AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati iliyoasisiwa na mwanafizikia Neil Turok huko Cape Town mwaka 2003, ambayo ilifungua kituo chake cha Rwanda mwaka 2016 kikiwa na anwani katika sekta ya Remera. Mwaka 2018 Msenegali Moustapha Cissé alianzisha chini ya taasisi hiyo, kwa msaada wa Facebook na Google, shahada ya uzamili ya akili mnemba kwa vijana kutoka nchi nyingi za Afrika, na utambuzi wa vitu katika picha ulikuwa miongoni mwa masomo yake. Mei 2023 Kigali ilipokea mkutano wa kimataifa wa ICLR, mmojawapo wa mikutano mikubwa ya fani hii, ambao ule wa mwaka 2020 ulikuwa umepangwa kufanyika Addis Ababa lakini ukahamishiwa mtandaoni kwa sababu ya UVIKO-19.

Cissé huyohuyo aliongoza maabara ya Google ya Accra, ambako mwaka 2021 yeye na wenzake walichapisha kazi ya kutambua majengo ya Afrika katika picha za setilaiti zenye pikseli ya sentimeta 50. Miongoni mwao alikuwa John Quinn, ambaye awali alikuwa Chuo Kikuu cha Makerere mjini Kampala, alikofanya pamoja na Ernest Mwebaze utafiti wa kutambua magonjwa ya mihogo katika picha za majani. Mashine yao ilijengwa juu ya mtandao wa neva uitwao U-Net, uliotengenezwa Ujerumani mwaka 2015 kwa ajili ya kutenga chembe za mwili katika picha za hadubini, na ilifundishwa kwa majengo milioni 1.75 ambayo mzingo wake ulikuwa umechorwa na watu. Toleo la kwanza lilitoa mizingo ya majengo milioni 516, yakiwemo ya Kigali.

Inafaa kuhesabu mashine hiyo inaona nini hasa. Kiwanja cha mita 15 kwa 20 katika picha za ndege za mwaka 2008 kilikuwa na pikseli 60 kwa 80, yaani 4,800; katika picha za setilaiti za sentimeta 50 kinabaki na 1,200, na nyumba iliyo ndani yake hupata sehemu tu ya hizo. Bati lililoshika kutu hufanana rangi na udongo mwekundu wa ua, na nyumba mbili zilizogusana mapaa huonekana kama moja, hivyo kwamba katika mitaa iliyobanana mashine inaweza kuandika jengo moja mahali ambapo familia tatu hupika kwenye majiko matatu. Ndege zisizo na rubani zinaona zaidi: mwaka 2015 Caroline Gevaert na wenzake wa Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, walipiga picha mtaa mmoja wa Kigali kwa pikseli ya sentimeta 3, na kwa kutumia picha zilizopishana walipata pia kimo cha kila kitu, jambo linalotenganisha paa na ua hata kama rangi ni moja. Kundi hilo lilichapisha mwaka 2018 utafiti kuhusu athari za ndege hizo kwa wakazi, likiwemo suala la faragha ya watu ambao nyua zao zinatazamwa kutoka juu, na ni jambo la kupongezwa kwamba suala hilo liliulizwa Kigali mapema kiasi hicho.

Jaribio la kuifundisha mashine kuchora mipaka yenyewe, si mapaa tu, lilifanywa katika mradi wa its4land uliogharamiwa na Umoja wa Ulaya kati ya mwaka 2016 na 2020, ambao miongoni mwa washirika wake wa Afrika Mashariki walikuwemo chuo cha INES-Ruhengeri cha Musanze na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya. Mwanzoni Sophie Crommelinck aliijaribu mbinu ya kutafuta mizingo ambayo Malik, yuleyule wa muktadha wa umbo, alikuwa ameitengeneza na wenzake huko Berkeley. Baadaye mitandao ya neva ilichukua nafasi, na mwaka 2019 Xue Xia, Claudio Persello na Mila Koeva walionyesha, kwa picha za Busogo na Muhoza wilayani Musanze, kwamba mitandao hiyo huzishinda mbinu za awali. Watafiti hao walikuwa waangalifu kusema kwamba walichokuwa wakitafuta ni mipaka inayoonekana. Ukuta na ua wa mimea mashine huvipata vizuri. Mpaka ambao ni makubaliano tu, kama ule wa ndugu wawili waliogawana shamba la baba yao bila kupanda kitu katikati, haumo katika picha, na mafunzo ya wingi wowote hayataufanya uwemo.

Kuna pia swali kama mashine hizo zinatazama umbo hata kidogo. Robert Geirhos na wenzake wa Tübingen, Ujerumani, walionyesha katika mkutano wa ICLR wa mwaka 2019 kwamba mitandao ya neva iliyofundishwa kwa njia ya kawaida, ikipewa picha ya paka aliyevishwa ngozi ya tembo, husema ni tembo, kwa kuwa inafuata sura ya uso wa kitu, kama vile mistari na madoa yake, kuliko mzingo wake, ilhali binadamu husema ni paka. Jambo hilo lina maana kubwa kwa kilima chenye mabati: mashine inayotambua nyumba kwa migongo ya bati inaweza kufaulu vizuri huku haina habari kona ya nyumba iko wapi, na katika usajili wa ardhi kona ndiyo kila kitu.

Katika seli ya Nyarutarama, ambayo ni sehemu ya Remera, kulikuwa na mtaa uliobanana wa Kangondo na Kibiraro, uliojulikana mjini kwa jina la Bannyahe, kandokando ya nyumba za watu wenye uwezo. Mwaka 2017 mamlaka za jiji zilitangaza mpango wa kuwahamishia wakazi wake kwenye nyumba zilizojengwa Busanza, wilayani Kicukiro. Wengi wa wenye mali walitaka walipwe fedha badala ya kupewa nyumba, wakaenda mahakamani, na uhamisho wa mwisho ulifanyika Septemba 2022. Ukiwa na zaidi ya familia elfu moja, mtaa huo ulikuwa mahali pagumu kuliko pote katika Remera kwa mashine inayotenga paa na paa, lakini ulikuwa umepita katika usajili kama mitaa mingine, na hati zilizotokana na mistari ya kalamu ndizo zilizowapa wenye mali sababu ya kusimama mbele ya hakimu na kudai bei.

Mwaka 2024 Google ilitoa seti nyingine ya data inayokadiria mwaka kwa mwaka, kutoka 2016 hadi 2023, mahali penye majengo na vimo vyake, ikitumia picha za setilaiti za Ulaya zenye pikseli kubwa ambazo huboreshwa kwa hesabu hadi kufikia usahihi wa mita 4 hivi. Kwa usahihi huo kiwanja cha mita 15 kwa 20 huwa pikseli zisizofika 20. Mashine inaweza kuulinganisha mwaka mmoja na mwingine na kuonyesha kwamba majengo yalikuwepo Kangondo na kwamba hayapo tena, jambo ambalo mpangaji mji anaweza kulitumia. Chumba kilikuwa cha nani, ukuta wa kati ulijengwa na nani, na mke aliandikwa pamoja na mume au hakuandikwa, ni mambo yanayosomwa katika sajili ya ardhi na katika majalada ya kesi, kwa namba ya kiwanja iliyotolewa siku ile majirani waliposimama kwenye kona na kukubaliana.